Kula Mchana

Mwezi wa Ramadhani mwanamke hana siri. Mwanamume anaweza kujibanza nyuma ya ghala, akavuta sigara yake, akapangusa midomo na kurudi barazani na uso wa mfungaji. Mwanamke akila mchana, ua mzima unajua, na unajua pia kwa nini. Akila siku chache kisha akarudi kufunga, basi hana kitu. Akila tangu mwezi uandame mpaka ukaribie kwisha, basi ana kitu, na watu wanaanza kumpisha kwenye benchi.

Mimi, kwa miaka yote niliyokuwa nimeolewa hapo Kalemie, nilikuwa mwanamke wa siku chache. Nilikuwa nikila nyuma ya jiko, nimekaa kwenye kigoda na kuwapa watu mgongo, viazi vitamu vya jana au kipande cha muhogo. Mama mkwe wangu, ambaye tulikaa naye ua mmoja, hakuwahi kuniuliza lolote. Alikuwa anatazama tu. Siku ya kwanza ya kuniona natafuna alikuwa anaweka sufuria zake chini kwa kishindo kilichozidi kidogo kile cha siku nyingine, na mimi kishindo hicho nilikielewa vizuri: mwaka mwingine umepita, na mwanangu bado hajaitwa baba.

Si kwamba sikuwa nashika mimba. Nilishika, zikatoka, mapema, kabla sijaamua nimwambie nani. Kwa jambo hilo tuna neno moja tu, imetoka, na neno hilohilo tunalitumia kwa jino. Watu wanakupa pole ileile wanayompa aliyeamka na malaria, halafu wanakuuliza chumvi imefika bei gani. Siwalaumu sana. Kitu ambacho hakuna aliyekiona, watu watakililiaje? Lakini iliniudhi, na inaniudhi mpaka leo.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa vita. Vita vilikuwa vimekaa nasi muda mrefu, tukawa tumeacha kuvizungumzia isipokuwa vinapotudai kitu. Treni ya Kabalo haikuwa inakuja tena. Nyasi ziliota katikati ya reli na mbuzi wa jirani wakazoea kulisha hapo. Umeme wa mtambo wa Bendera ulikuja siku ulipopenda, na ukikosekana, mabomba nayo yalikauka, tukashuka na mabeseni ziwani. Mume wangu, ambaye zamani alikuwa akipeleka ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, Kabalo kwa treni hiyo, sasa alikuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi na sabuni, chumvi na mchele. Askari waliokuwa bandarini walimpunguzia mzigo kila aliporudi, wakaita kazi hiyo ushuru.

Mwaka huo Noeli iliangukia siku zetu za mwisho za mfungo, na Idi ilikuwa inakuja nyuma yake hatua chache tu. Wakristo walikuwa wanatafuta kuku, sisi tunatafuta mchele, na wote pamoja tulikuwa tunaomba tusisikie risasi mpaka sikukuu zipite.

Na mwaka huo nilianza kula tangu siku ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa anajua tangu kabla ya mwezi kuandama, lakini hakusema neno, kwa sababu kwetu tumbo halitangazwi. Wala kitu cha mtoto hakinunuliwi, hata kitambaa. Asubuhi ile ya kwanza, nilipokaa kwenye kigoda changu nyuma ya jiko, alikuja mwenyewe, mfungaji, na bakuli la uji wa mchele, akaliweka mbele yangu. Akaniambia nikae kivulini, si hapo penye moshi. Kisha akaenda kuosha sufuria zake, na hazikulia hata moja. Nilikunywa uji huo na nilikuwa na furaha. Nalisema waziwazi kwa sababu baadaye watu walipenda kuniambia kwamba labda moyo wangu haukuwa umetulia, kwamba labda nilikuwa na wasiwasi uliomdhuru mtoto. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nimenenepa mashavu na nalala kama gogo.

Tumbo langu ni la kuchelewa kuonekana. Ndani ya kitenge kilichofungwa vizuri, mwezi wa tano ulikuwa bado haujaonekana kwa mtu wa nje. Mtaa ulijua kwa sababu nilikuwa nakula.

Ilitokea asubuhi, ziwani, nilipokuwa nainua beseni. Sitaeleza sana. Maji yalimwagika, nikakaa kwenye mchanga, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifua karibu yangu alikimbia kumwita mama mkwe, aliyekuwa akichota maji mbele kidogo. Nilipelekwa lopitali nimekaa nyuma kwenye baiskeli, mama mkwe akitembea kando na kunishika kiunoni, akimkemea mwenye baiskeli kila tulipopita shimo. Mkunga alifanya kazi yake bila maneno mengi na nikamshukuru kwa hilo. Mume wangu alikuwa ng'ambo. Simu hazikuwepo.

Kilichotoka kilifungwa ndani ya kipande cha kitenge changu mwenyewe. Niliomba nione, wakaniambia ni afadhali nisione. Mama mkwe akakipokea, akakiweka kifuani ndani ya mtandio wake, akatoka. Alirudi alasiri, amebadilisha nguo. Akakaa pembeni ya kitanda na kusema tumemaliza ile kazi. Alisema kazi, kama vile angesema tumemaliza kutwanga. Niligeuza uso wangu ukutani, na yeye akaanza kuhangaika na chupa ya chai.

Nyumbani aliwaambia watu nilikuwa na homa. Nilimsikia mwenyewe, akiwa mlangoni, akimjibu huyu na yule kwa sauti ya mtu asiye na jambo: homa tu, imeshuka, anapumzika. Mwanamke aliyekuwa akifua ziwani alikuwa mkimbizi wa vita, hakujua nyumba yetu wala jina langu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumbishia. Nilidhani anaona aibu. Nilidhani anahifadhi heshima ya mwanawe hadi sikukuu ipite, halafu baada ya Idi, wageni wakishaondoka, mazungumzo ya mke mwingine yaletwe barazani kwa utaratibu. Shangazi za mume wangu walikuwa na msichana wao tayari, mzuri, wa Moba, nimewahi kumpikia chai. Sikuuliza. Ukiishi ua mmoja na mtu unajifunza kutouliza.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulifikiria. Mwanamke aliyetokwa na mimba kubwa namna ile ana damu ya uzazi, na mwenye damu ya uzazi hafungi. Kwa hiyo niliendelea kula mchana. Nilirudi kwenye kigoda changu, nyuma ya jiko langu, na muhogo wangu, na mtaa ukaniangalia na kuhesabu: bado anakula. Alhamdulillahi.

Wanawake waliokuja kukopa moto walinikuta natafuna, wakatabasamu. Mmoja alinigusa bega na kuniombea salama. Mwingine, mzee, aliniambia nisilale chali. Nilimjibu ndiyo, bibi. Ningesema nini? Kwamba mwili wangu unakula kwa sababu ya mtoto aliyekwisha kuzikwa, na kwamba nyinyi mnampongeza? Hata mimi maneno hayo yalinichosha kabla sijayasema. Nilitafuna na kumeza. Chakula hakikuwa na ladha mbaya wala nzuri.

Nilichotaka katika siku zile kilikuwa kitu kimoja, na kilikuwa kidogo. Sikutaka kufarijiwa. Kufarijiwa kunataka nguvu, lazima umsaidie anayekufariji. Nilitaka mtu mmoja, yeyote, aseme kwamba alikuwepo. Si kwamba imetoka, si kwamba kazi imekwisha. Kwamba katika nyumba ile palikuwa na mtu, na sasa hayupo.

Siku ya Noeli jirani yetu Mkatoliki, mwanamke mwenye watoto wengi na kicheko kikubwa, aliruka mfereji wa mvua na sahani iliyofunikwa. Ilikuwa desturi kati yetu: Noeli sahani ilitoka kwake, Idi ilitoka kwetu. Miaka mingine, Noeli ikiangukia mfungo, tuliipokea na kuiweka mpaka magharibi. Safari hii alijua mimi nakula, akanifuata moja kwa moja nyuma ya jiko. Watoto wake walimfuata wakiwa wamevaa kitenge kimoja wote, kilichokatwa na kushonwa kwa namna mbalimbali, pamoja na yule wa mgongoni.

"Kula, mama," akaniambia. "Usione haya. Uko unakulia bantu babili."

Akanionyesha tumbo kwa kidevu, akasimama hapo, mikono kiunoni, anangoja aone nikila. Nikafunua sahani. Wali, sombe ya majani ya muhogo na paja la kuku, na kuku mwaka ule alikuwa jambo kubwa. Najua alivyompata na najua watoto wake walipewa shingo na mabawa. Nikala. Nilikula paja lote mbele yake, nikalamba vidole, nikamshukuru. Kuku alikuwa mtamu, hilo lazima nilikubali. Mtoto wa mgongoni alikuwa akinitazama juu ya bega la mama yake na mdomo umeachama. Walipoondoka niliosha sahani, nikaifuta, nikaiweka juu ya kabati. Halafu nikaingia ndani, nikauma mto ili mama mkwe asinisikie. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya jirani. Ilikuwa hasira tu, haikuwa na mwenyewe.

Mume wangu alirudi siku iliyofuata. Boti ilikuwa imechelewa kwa mawimbi na alikuwa amekonda. Nilimsikia mama mkwe akimvuta kando ya ukuta kabla hajaingia, akamweleza kwa sauti ya chini. Ni mtu mwema, mume wangu, na pia ni mtu wa sheria. Alipokuwa kijana alisomea dini ng'ambo, Ujiji, na mpaka leo watu wanamletea mambo ya mirathi na ya talaka, naye anawajibu taratibu, akigusa kidole kimoja baada ya kingine. Aliingia chumbani, akakaa kitandani, akanishika mkono. Kisha akasema Mungu atatupa mwingine.

Nilimpenda mtu yule, na saa ile nilimchukia. Mwingine baada ya nani? Huwezi kupewa wa pili kama wa kwanza hakuwepo. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ametoka safari, ana kiu na amefunga, mchanga wa bandarini bado uko kwenye nyusi zake. Nikamwambia aende akapumzike. Akaenda. Kupitia ukuta nilimsikia hakulala, alikuwa anajigeuza.

Basi ikafika alasiri ya mwisho ya mfungo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ua ulinukia udongo. Mama mkwe alitoa gunia la mchele wa Kigoma barazani, akaketi mkekani na pishi mkononi. Pishi yenyewe ilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga ambalo mume wangu mwenyewe alikuwa amelipima na kulikubali. Zamani fitri, pishi moja ya nafaka kwa kila mtu wa nyumba, ilikuwa inapelekwa kwa maskini wa mtaa, kila nyumba na maskini wake. Miaka ile ya vita maskini walikuwa wengi kuliko nyumba. Watu wa Niemba na vijiji vya kando ya reli walikuwa wamejaa katika madarasa ya shule, wakilala chini ya ubao. Kwa hiyo msikiti ulikuwa umemteua mzee mmoja wa kupita nyumba hadi nyumba na wabeba magunia wawili.

Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno mengi na kikohozi. Alikaa kwenye kiti, akalalamikia matope, akamsifu mume wangu kwa kurudi salama, akalalamikia matope tena. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, na kwa bahati yangu mbaya nilikuwa nimeshika hindi la kuchoma mkononi. Aliniona. Akatabasamu, akageuza macho kwa adabu.

Mama mkwe akapima. Pishi ya mume wangu, akaimwaga ndani ya gunia la msikiti. Pishi yangu. Pishi yake mwenyewe. Gunia likashikwa, likatikiswa. Akaweka kopo chini.

"Na ya tumbo," akasema yule mzee.

Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu aliyesahau fimbo yake. Aliye tumboni hadaiwi fitri, ila kwetu wenye tumbo wanapenda kumtolea, kwa baraka, na mtu akisahau anakumbushwa. Alikuwa anatutendea wema. Hindi likabaki mkononi mwangu.

Mume wangu akasafisha koo.

"Hiyo haiko, Mzee," akasema.

Haiko. Hakuna neno alilosema baya, na lilikuwa la kweli. Yule mzee alitazama hindi langu, akamtazama mume wangu, hakuelewa. Mume wangu akaanza kumweleza, macho yake yakiwa kwenye mkeka. Kwamba kulikuwa na mimba, imetoka, na kwamba aliyeondoka kabla jua la mwisho la mfungo halijazama hana fitri. Alieleza vizuri, kidole baada ya kidole, lakini sauti yake ilikuwa inakwaruza. Mzee akatikisa kichwa. Akasema pole, akasema ni kweli, sheria iko hivyo. Akaweka mikono magotini ili ainuke.

"Iko," akasema mama mkwe.

Kopo lilikuwa tena mkononi mwake. Mume wangu akasema, Mama. Akasema amekwisha kueleza.

"Nimekusikia. Sheria naijua, baba yako alinifundisha kabla yako." Hakupandisha sauti. "Mie njo nilimuosha. Nilichemsha maji, nikamuosha, nikamuvika, nikamulaza mwenyewe pembeni ya kaburi ya babu yake. Muntu niliyemuosha na hii mikono siwezi kumuruka. Muite fitri, muite sadaka, muite munavyotaka. Yake iko."

Wabeba magunia walikuwa wanatazama miguu yao. Mimi nilijikuta nimefika barazani, mbele ya wanaume, kichwa wazi, na sikumbuki nilivyotembea.

"Mama," nikamwambia, "alikuwa mutoto gani?"

Alichota mchele, akasawazisha juu ya kopo kwa kiganja.

"Mwanamuke," akasema. "Mwenye miguu yako, mirefu."

Hapo nililia. Nililia mbele ya mzee wa msikiti na wabeba magunia wake, kwa sauti, na sikuona haya. Mama mkwe hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hayo. Alinisubiri. Nilipopunguza, akaumwaga mchele ule tena ndani ya gunia letu, akanipa kopo tupu, akaniambia nimpimie mwenyewe, mimi ndiye mama yake.

Sijawahi kumuuliza kwa nini alisema homa. Pengine ilikuwa aibu kweli, mwanzoni. Pengine alinifungia mlango ili nisisikie pole za mtaa. Miaka imepita na nimeridhika kutojua.

Nilipima. Nikajaza mpaka mchele ukafurika na kumwagika mkekani. Mume wangu akainama, akaanza kuokota punje, moja moja, akizirudisha ndani ya kopo. Nikaumwaga ndani ya gunia la msikiti, juu ya ule wetu.

Yule mzee akasimama, akainua viganja vyake kuomba dua, kama alivyofanya katika kila nyumba. Akamwombea mume wangu kwa jina lake, akaniombea mimi, akamwombea mama mkwe. Kisha akasita, maana mtoto hakuwa na jina. Akakohoa.

"Na yule mudogo," akasema, "mwanamuke."

Mume wangu ndiye aliyetangulia kusema amina.